Mnyoo Anayejizalia Ndani: Udhibiti wa Strongiloidi katika Jamii za Waaborijini Kaskazini mwa Australia

Ndugu wauguzi, maofisa wa afya ya jamii, mafundi wa maji na vyoo, na ninyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango: asanteni kwa kufika.

Mada tuliyopewa ni udhibiti wa minyoo katika jamii za wenyeji wa asili zilizo mbali na miji. Ni pana mno kwa kikao kimoja, kwa hiyo tutabaki kaskazini mwa Australia, katika jamii za Waaborijini za Northern Territory, na kugusa kidogo Kimberley iliyoko Western Australia. Na kati ya minyoo wote wa huko, muda mwingi tutaumalizia kwa mmoja, Strongyloides stercoralis. Tumwite strongiloidi, tusije tukang'ata ulimi.

Huyu amechaguliwa kwa sababu njia tuliyoizoea sote inamkosa. Njia hiyo mnaijua: kidonge cha albendazole kwa watoto wa shule, mara moja au mbili kwa mwaka. Kwa minyoo wa safura inafanya kazi nzuri. Kimberley wenyewe walilijua hilo miaka ya 1990. Huko safura ililetwa na Ancylostoma duodenale, ambaye kila mmoja hunyonya hadi mililita 0.2 za damu kwa siku, mara kadhaa zaidi ya binamu yake Necator, aina nyingine ya mnyoo wa safura. Walikuwa wakitumia pyrantel, dawa nyingine ya minyoo, na ilipopimwa kwa makini ikaonekana haiwaui inavyotakiwa. Ilipowekwa albendazole mahali pake, hali ikabadilika sana.

Lakini mnyoo wa safura ana udhaifu mmoja. Yai lake lazima litoke na kinyesi, lianguliwe kwenye udongo wenye joto na unyevu ndani ya siku moja au mbili, kisha lava, yaani mnyoo mchanga, akomae kwa siku 5 hadi 10 kabla ya kuweza kupenya ngozi. Ndani ya mtu haongezeki. Ukiwa na minyoo kumi leo, na hukukanyaga tena udongo wenye lava, mwakani huwezi kuwa na ishirini.

Strongiloidi hana udhaifu huo. Jike lina urefu wa milimita 2 hivi, linajichimbia katika utando wa utumbo mwembamba, na linataga bila dume. Mayai huanguliwa humo humo, na kinachotoka kwenye kinyesi kwa kawaida ni lava, siyo yai. Baadhi ya lava hao hukomaa kabla hawajatoka. Hutoboa ukuta wa utumbo, au ngozi inayozunguka njia ya haja kubwa, na kurudi mwilini kuanza upya. Mtu anajiambukiza mwenyewe, mwaka baada ya mwaka. Wanajeshi wa Australia waliotekwa na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili na kulazimishwa kujenga reli ya Burma walikutwa bado na strongiloidi miongo kadhaa baadaye, ingawa walikuwa wamerudi kuishi katika miji yenye mabomba ya majitaka.

Kwa hiyo mzee wa miaka sabini aliyeambukizwa akiwa mtoto anaweza kuwa bado ndiye chanzo cha lava wanaoingia kwenye ua wa nyumba yake. Programu inayoishia kwenye lango la shule haitamfikia. Na hata ikimfikia, dozi moja ya albendazole haimtoshi.

Dalili mara nyingi ni hafifu: tumbo linalosumbua na kuacha, kikohozi, kuwashwa, pengine mstari mwekundu unaotambaa kwenye makalio au mapaja kwa mwendo wa sentimita 10 hivi kwa saa. Wengi hawana chochote. Ndiyo maana ugonjwa huu hupuuzwa, mpaka kinga ya mwili itetereke. Mgonjwa wa pumu au wa mapafu akiandikiwa prednisolone, au mgonjwa wa Covid-19 akipewa dexamethasone, zote mbili dawa za steroidi zinazoshusha kinga, lava wanaweza kuongezeka ghafla, wakasambaa hadi kwenye mapafu na ubongo, na wakapita na bakteria wa utumbo kuingia nao kwenye damu. Kinachoonekana wodini ni damu iliyoingiwa na bakteria, au homa ya uti wa mgongo. Virusi vya HTLV-1, vinavyoingia kwenye chembe nyeupe za damu na ambavyo ni vingi kwa Waaborijini wa Australia ya kati kuzunguka Alice Springs, navyo huongeza hatari hiyo. Na kuna mtego hapa: chembe nyeupe aina ya eosinofili, ambazo hupanda mtu akiwa na minyoo, zinaweza kuwa za kawaida kabisa katika hali hii ya hatari. Daktari anaangalia karatasi ya damu, anaona eosinofili zimetulia, anafuta minyoo kwenye orodha yake. Hapo ndipo mgonjwa anapopotea.

Sasa upimaji. Kinyesi kimoja chini ya hadubini hakitoshi, kwa sababu lava ni wachache na hawatoki kila siku. Kipimo bora cha kinyesi ni sahani ya agari, ile jeli ya maabara ya kuoteshea bakteria. Unaweka kinyesi kibichi kiasi cha njegere mbili tatu katikati ya sahani, unaziba kingo kwa utepe, unaiacha kwenye joto la chumba siku mbili au tatu. Lava akiwapo hutambaa juu ya agari akiburuta bakteria, na bakteria hao huota kwenye njia aliyopita. Ukiinua sahani kwenye mwanga unaona vijistari vilivyopindapinda, vingine vikizunguka hadi ukingoni. Ni kipimo kizuri sana, ila kina masharti: kinyesi kiwe cha siku hiyo na kisiwekwe kwenye jokofu, kwa sababu baridi huwadhoofisha lava na sahani ikabaki tupu. Jamii ambayo sampuli zake hupanda ndege kwenda maabara ya Darwin, na ndege yenyewe haiji kila siku, haiwezi kutegemea sahani hiyo. Tuongeze ukweli mwingine ambao waandishi wa miongozo huuruka: watu wazima wengi hawapendi kumkabidhi muuguzi anayewafahamu kopo la kinyesi. Kopo hurudi nyumbani na halionekani tena.

Ndiyo sababu kazi ya uwandani imeegemea damu. Kipimo cha ELISA hutafuta kingamwili, sampuli husafiri bila shida, na inachukuliwa pamoja na damu ya sukari na figo ambayo mtu anatolewa hata hivyo. Miwatj Health, shirika la afya linaloongozwa na Waaborijini wenyewe huko East Arnhem, lilikiingiza kipimo hiki ndani ya uchunguzi wa afya wa watu wazima, ule unaolipiwa na Medicare, bima ya afya ya serikali ya Australia, kwa namba 715. Kwa maoni yetu huo ndio uamuzi mmoja wenye faida kubwa kuliko yote katika habari hii. Hakuna kampeni, hakuna bango. Mtu mzima anakuja kwa uchunguzi, kompyuta inamwonyesha muuguzi kwamba kipimo cha strongiloidi hakijawahi kufanywa, mrija mmoja wa damu unaongezwa. Majibu yakirudi yana ugonjwa, kompyuta hiyo hiyo inaweka kumbukumbu ya dozi ya kwanza, ya pili, na kipimo cha marudio.

Dawa yenyewe ni ivermectin, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, na haihitaji jokofu. Vidonge ni vya miligramu 3. Kilo 15 hadi 24 kidonge kimoja. 25 hadi 35 viwili. 36 hadi 50 vitatu. 51 hadi 65 vinne. 66 hadi 79 vitano. Kuanzia kilo 80 piga hesabu ya mtu mwenyewe na upandishe hadi kidonge kamili: mwenye kilo 95 anahitaji miligramu 19, basi mpe vidonge saba. Chakula chenye mafuta huongeza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Mizani ikae kwenye sakafu ngumu. Kwenye zulia au mchanga inadanganya, na anayekosea mara nyingi ni yule mtoto wa kilo kumi na nne na nusu ambaye kila mtu anamwona ni wa kumi na tano.

Walio chini ya kilo 15 na wajawazito hawapewi ivermectin katika kazi hii. Kwa wadogo kuna albendazole ya siku tatu mfululizo, miligramu 400 kwa siku, au 200 kwa mtoto wa kilo 10 na chini. Kwa mdogo kabisa kidonge kisagwe na kuchanganywa na maji. Usimlazimishe akiwa analia, atapaliwa. Mjamzito huamuliwa na daktari au mkunga wake, na kwa kawaida asiye na dalili husubiri. Lakini kujua nani mjamzito kunataka adabu. Msichana wa miaka kumi na sita hataulizwa mbele ya shangazi zake wala kaka zake. Aulizwe na mwanamke, pembeni, na kipimo cha mkojo kifanyike bila watu kujua.

Tukiwa hapo, kwa Wayolngu wa Arnhem Land kuna ndugu ambao desturi inawakataza kuzungumza ana kwa ana: mwanamume na mama mkwe wake, kaka na dada waliokomaa. Ukimpangia mhudumu nyumba yenye watu asiopaswa kusema nao, atapita mlangoni na kurudi na fomu tupu, na wewe utamwandika mvivu. Orodha ya nyumba ipangwe na wahudumu wenyewe wa jamii hiyo.

Matibabu ya mtu mmoja mmoja huko hutolewa kwa dozi mbili, ya pili siku 7 hadi 14 baada ya ya kwanza. Sababu ni kwamba dawa huua vizuri walioko utumbini, lakini lava walioko safarini katika tishu wanaweza kunusurika, wakafika utumbini wiki inayofuata. Hapo dozi ya pili inawakuta. Na dozi ya pili ndiyo inayopotea. Mtu ameitikia mara ya kwanza, anajisikia salama, amepanda gari kwenda kwenye mazishi kilomita mia tatu, mvua imekata barabara. Huko masika ni kuanzia Novemba hadi Aprili, na kijiji kinaweza kukaa wiki nyingi bila njia ya gari. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, anza kazi wakati wa kiangazi, na usianze wiki yenye msiba mkubwa. Faili nazo zinadanganya: muuguzi anaandika "ametibiwa" baada ya dozi ya kwanza na kompyuta inanyamaza. Dai visanduku vitatu vinavyojitegemea: dozi ya kwanza, dozi ya pili, damu ya marudio.

Damu hiyo ya marudio isichukuliwe mapema. Kingamwili hushuka polepole, na mtu aliyepona kabisa anaweza kubaki na majibu ya "anao" miezi kadhaa. Subiri angalau miezi 6, kisha gawanya kipimo kipya kwa cha zamani. Uwiano ukiwa chini ya 0.6, matibabu yamefaulu, hata kama maabara bado inaandika kwamba ugonjwa upo. Anayesoma neno tu bila namba atawatibu tena watu waliokwisha kupona.

Je, tusipime, tuwape wote? Imefanyika. Galiwin'ku, kwenye kisiwa cha Elcho, jamii ya watu kama 2,000, ilipewa ivermectin kwa wote mwaka 2010 na tena 2011. Lengo lilikuwa mawili, strongiloidi na upele, maana dawa ni ile ile. Upele si jambo dogo huko: unachubua ngozi, bakteria wa streptokoko wanaingia, na nyuma yao yanafuata magonjwa ya figo na moyo. Wenye dalili za kingamwili za strongiloidi walishuka kutoka asilimia 21 hadi asilimia 5 mwaka mmoja baadaye. Ni matokeo mazuri.

Upele ulitoa somo tofauti. Ulishuka kutoka asilimia 4 hadi 1 ndani ya miezi sita, na kufikia mwezi wa kumi na mbili ulikuwa umepanda hadi 9. Kilichodhaniwa kuwa chanzo ni mgonjwa mmoja wa upele wa magamba, ule ambao mtu hubeba wadudu wengi mno kwenye ngozi, katika mazingira ya nyumba zenye msongamano. Mtu mmoja! Dozi moja kwa wote haimponyi mgonjwa wa aina hiyo. Anahitaji matibabu yake ya pekee, ya muda mrefu, na uangalizi nyumbani. Kwa hiyo, kabla ya kugawa dawa kwa kijiji kizima, watafuteni hao kwanza.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mahali ambapo strongiloidi imewapata asilimia 5 au zaidi ya watoto wa umri wa shule, watu wote kuanzia miaka 5 wapewe ivermectin dozi moja kila mwaka. Mtauliza kwa nini moja, na sisi tumesema mbili. Mwongozo huo unalenga kupunguza mzigo kwa umma wote, kwa gharama inayobebeka, na marudio ya kila mwaka yanafanya kazi ya dozi ya pili. Anayemtibu mgonjwa aliye mbele yake, hasa anayekaribia kupewa dawa za kushusha kinga, ana lengo jingine: asibaki mnyoo hata mmoja. Rai yetu ni hii: kijiji chenye kliniki ya kudumu na faili nzuri kiende kwa njia ya kupima na kutibu, na ugawaji wa jumla utumike pale ugonjwa ulipoenea mno au kliniki haina watu wa kufuatilia. Kufanya ugawaji wa jumla mara moja kisha kuondoka ni hasara. Na ukitangaza asilimia ya waliofikiwa, sema umegawa kwa idadi gani. Orodha ya sensa, orodha ya kliniki na watu waliolala kijijini wiki ile huwa ni namba tatu tofauti, na programu nyingi huchagua ile ndogo.

Tuje kwenye nyumba, maana dawa bila choo ni kufyeka bila kung'oa. Lava wa strongiloidi wanahitaji udongo wenye kinyesi. Katika vijiji hivi wengi wana vyoo vya maji, tena ndani ya nyumba. Tatizo ni kwamba havifanyi kazi. Tangi la majitaka lililochimbwa kwa familia ya watu watano linapokea ya watu kumi na watano. Tope linajaa, maji yanasukumwa nje kabla hayajatulia, mtaro wa kufyonza unaziba, na majitaka yanaibuka uani pale watoto wanapocheza. Gari la kunyonya tope linatoka mbali, na masika halifiki.

Kuna kazi ya kuigwa hapa. Mwaka 1987, katika ardhi za Waanangu kaskazini mwa South Australia, ilitoka ripoti iliyozaa mpango wa nyumba kwa ajili ya afya, unaoendeshwa na Healthabitat. Orodha yake ya mambo tisa inaanza na uwezo wa kuoga, hasa watoto, kisha kufua nguo na matandiko, kisha kuondoa majitaka. Mpangilio huo umefuata uzito wa faida kwa afya. Wakaguzi hawaulizi watu kama wananawa. Wanafungua bomba wanaona kama maji ya moto yanakuja, wanavuta choo, wanamwaga maji sakafuni bafuni waone kama yanaelekea kwenye tundu au yanarudi mlangoni. Fundi bomba na fundi umeme wako pale pale, na matengenezo yanaanza siku ile ile ya ukaguzi. Hawakagui nyumba wasiyokuja kuitengeneza. Baada ya maelfu ya nyumba, kasoro zilizosababishwa na wakazi kuharibu vitu zimekuwa chini ya sehemu moja ya kumi. Zilizobaki ni ujenzi mbovu tangu mwanzo na, kwa wingi kabisa, ukosefu wa matengenezo ya kawaida.

Mwenye kupanga mafunzo ya usafi aisome hiyo sentensi mara mbili. Kumfundisha mama kunawa mikono wakati bomba lake limekauka ni kumtukana, na habari ya tusi husambaa kijijini kabla gari lenu halijageuza. Vaeni viatu, tunasema. Sawa, vinasaidia kidogo, lakini mtoto wa miaka miwili anakaa chini kwa makalio. Afadhali kufuatilia nepi za kutupa, kwa sababu mbwa huzichana na kuzisambaza uani. Pipa lenye kifuniko kinachofunga, lililo juu ya kigingi, na lori la taka linalopita kwa ratiba, hapo ndipo fedha iende.

Mbwa wenyewe wanastahili neno. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa kuna ukoo wa strongiloidi unaopatikana kwa watu na kwa mbwa, na mwingine wa mbwa peke yao. Ni kiasi gani mbwa huchangia maambukizi ya watu, hatutalifanya liwe hoja kuu leo. Kuwapa dawa na kuwafunga uzazi kuna faida kwa upele wao na kwa amani ya kijiji vilevile. Kazi hiyo hufanywa pamoja na madaktari wa mifugo. Shirika la AMRRIC la Darwin limeshikilia eneo hilo. Muulizeni mwenye mbwa kwanza, kwa kuwa baadhi ya mbwa wana nafasi ndani ya ukoo wa familia. Na mbwa wa damu ya kuchunga kondoo, aina ya koli, wanaweza kudhurika na ivermectin nyingi, hivyo kipimo cha mbwa kiachwe kwa daktari wa mifugo.

Kwa madaktari na wauguzi wa hospitali za mjini, ambao hamtakanyaga Galiwin'ku, agizo letu ni fupi. Mgonjwa akitoka katika jamii yenye strongiloidi, au aliwahi kuishi huko hata miaka thelathini iliyopita, na mnataka kumpa prednisolone, dawa za saratani au za kupandikiza figo, chukueni damu ya ELISA na mpeni ivermectin siku hiyo hiyo kwa uzito wake. Msingoje majibu. Andikeni tarehe ya dozi ya pili kwenye karatasi ya kuruhusiwa, na mpigie kliniki ya kijijini kwake kabla hajapanda ndege, maana barua za hospitali huko hufika baada ya mgonjwa, na nyingine hazifiki.